Harusi za kifalme Uingereza: maswali mnayoniuliza kuhusu kwenda kusimama barabarani na kuona kwa macho

Nimesimama barabarani mara mbili, ya kwanza London tarehe 29 Aprili 2011 mwanamfalme William alipomuoa Kate, ya pili Windsor, mji wa kasri nje kidogo ya London, tarehe 19 Mei 2018 mdogo wake Harry alipomuoa Meghan, na tangu hapo kila ikitajwa harusi ya hawa watu simu yangu haipumziki. Maswali ni yaleyale, ndugu wa Tanga, wa Mombasa, wa Muscat, mpaka jirani zangu wa hapa Slough, kwa hiyo nimeyaweka yote sehemu moja.

## Mambo ya mwanzo

Kiingilio shilingi ngapi?

Bure kabisa. Barabara ni ya watu wote, unafika, unatafuta nafasi kwenye fensi ya chuma, unasimama. Mtu akikuuzia tiketi ya kusimama barabarani huyo tapeli, usimpe hata senti. Pesa inaliwa na nauli na malazi, hoteli za karibu zinapandisha bei mara tu tarehe ikitangazwa, ndo maana watu wengi wanalala kwa ndugu mji wa pembeni halafu wanaingia na treni ya alfajiri.

Kwani mtu wa kawaida haingii kanisani?

Haingii bila kadi. 2011 pale Westminster Abbey waalikwa walikuwa kama 1,900 na wote kwa mwaliko. 2018 kanisa la St George's, lililo ndani ya kasri la Windsor, ni dogo, waliingia 600 tu, ila raia 2,640 waliruhusiwa kukaa ndani ya uwanja wa kasri kuona watu wanavyoingia na kutoka kanisani. Hao nao hawakujiandikisha mtandaoni, 1,200 walipendekezwa kutoka mikoa mbalimbali ya Uingereza, waliobaki ni watu wa mashirika ya hisani, wanafunzi wa shule mbili za jirani, wakazi wa kasri na wafanyakazi. Na waliambiwa wabebe chakula chao cha mchana! Nyumbani nilipowasimulia hili hawakuamini, kwetu mgeni uliyemwalika mwenyewe harusini hawezi kuondoka hajala pilau.

Ntajuaje tarehe mapema?

Ikulu yao inatangaza uchumba kwanza, tarehe inafuata baada ya muda. William alimposa Kate Kenya, Oktoba 2010, uchumba ukatangazwa tarehe 16 Novemba na wiki moja baadae tukaambiwa 29 Aprili. Harry na Meghan walitangaza tarehe 27 Novemba 2017, harusi ikawa Mei. Kwa hiyo hesabu miezi mitano au sita toka tangazo mpaka siku yenyewe, sio mwaka mzima kama sisi tunaochangisha kamati.

Natokea Tanzania au Kenya, visa inawezekana kwa muda huo?

Inawezekana ila usilale. Unaomba visa ya kawaida ya matembezi, mapema kabisa unayoweza kuomba ni miezi 3 kabla ya safari, na majibu kwa kawaida huchukua kama wiki 3 baada ya kutoa alama za vidole. Kwenye fomu andika ukweli, kwamba unaenda kutembea na kuangalia harusi, wala sio aibu. Wanachoangalia ni pesa ya kujitunza na sababu ya kurudi nyumbani.

Tarehe inaweza kubadilika nikiwa nshakata tiketi?

Ndiyo, na ilishatokea. Charles, baba yao William na Harry, na Camilla walipanga tarehe 8 Aprili 2005, mazishi ya Papa Yohane Paulo II yakaangukia siku hiyohiyo, harusi ikasogezwa mpaka tarehe 9. Hata mahali palikuwa pamebadilika kabla ya hapo, ndoa ya kiserikali ilikuwa ifungwe ndani ya kasri la Windsor ikahamia ukumbi wa mji, Guildhall, pale High Street. Usiweke safari ya kufika usiku wa kuamkia harusi na kuondoka jioni yake, jiachie siku mbili tatu kila upande.

Kila harusi ya kifalme inapita barabarani?

Hapana. Beatrice, binamu yao William na Harry, aliolewa Julai 2020 wakati wa korona, kimyakimya, watu wakaona picha tu. Mdogo wake Eugenie aliolewa Windsor Oktoba 2018, gari la farasi lilitoka ila mzunguko ulikuwa mfupi. Kabla ya kukata tiketi subiri watangaze njia ya msafara, hilo ndo tangazo la maana kwa mtu wa barabarani, habari za gauni zitakuja zenyewe.

## Pa kusimama

London nikae wapi?

Msafara wa 2011 ulitoka Buckingham Palace, ukashuka barabara ya The Mall, ukapita Horse Guards, Whitehall, Parliament Square mpaka Abbey, na kurudi hivyohivyo. Una chaguo mbili kubwa. Ukikaa karibu na Abbey unaona waalikwa wanavyoingia na bibi harusi anavyoshuka kwenye gari, ila ukishafungwa pale hutoki, huwezi kufika mbele ya baraza la ikulu, ile roshani ya juu wanakotokea maharusi kusalimia watu. Ukikaa The Mall gauni huwezi kuliona vizuri lakini unapata mara mbili, wanapita na gari la farasi, halafu msafara ukiisha polisi wanajipanga mstari mmoja wanatembea polepole sana na umati wote nyuma yao mpaka mbele ya ikulu.

Mimi nilikuwa The Mall na ningerudi tena ningekaa hapohapo. Ule mwendo nyuma ya polisi siwezi kuusahau, barabara nzima imejaa upana wake, hakuna anayesukuma, watoto mabegani, tumefika mbele kabisa saa 7 na dakika 25 mchana wakatoka barazani wakabusiana, halafu ndege za vita vya pili vya dunia zikapita juu ya vichwa vyetu, Lancaster katikati na zile ndogo mbili, Spitfire na Hurricane, pembeni. Kifua kinatetema.

Na Windsor?

Windsor ni mji mdogo, ndo raha yake na ndo tabu yake. Mwaka 2018 gari lilitoka kasri kupitia Castle Hill, likaingia High Street, Sheet Street, Kings Road, Albert Road, halafu likapanda Long Walk kurudi kasri, jumla kama dakika 25. Long Walk ni barabara nyoofu ya zaidi ya kilomita 4 yenye miti pande zote, msafara ulipita kipande chake tu, watu wengi wanakimbilia huko kwa sababu kuna majani ya kukaa na skrini kubwa.

Niambie sehemu moja tu, ipi nzuri?

Kona. Popote msafara unapopita wewe tafuta kona. Kwenye nyoofu farasi wanatroti, ukipepesa macho wameshapita, lakini pakiwa na kona wanapunguza mwendo na gari linageuka, maana yake unawaona kwa mbele, kwa ubavu na kwa nyuma. Pale Windsor ni Castle Hill inapokutana na High Street, penye sanamu ya Malkia Victoria. Sisi tulifika kama saa 12 asubuhi tukakuta mstari wa mbele umejaa, tukasimama wa pili nyuma ya mama mmoja mfupi, na tuliona kila kitu.

Kweli unasubiri masaa yote hayo uone sekunde chache?

Kweli. Kwenye kona yetu nadhani hazikufika sekunde 20. Nawaambia nilichoona ili mpime wenyewe. Kwanza kelele inakuja toka mbali kama mvua inavyokuja juu ya bati, halafu unasikia kwato, halafu farasi wa kijivu wanatokea, mashungi yanang'aa, halafu gari lenyewe liko wazi na dogo kuliko ulivyofikiri. Harry na koti lake jeusi la jeshi na ndevu nyekundu, Meghan anapunga mkono, uso wake uko karibu kiasi kwamba unaona amechoka na anafurahi kwa pamoja. Kwenye tivii hilo halionekani, kwenye tivii wanafurahi tu.

Ushauri wangu na nausema kwa msisitizo: simu weka mfukoni. Picha za msafara zipo mtandaoni maelfu, zimepigwa na watu wenye kamera za maana. Mimi 2011 nilirekodi video, nikaja kuiangalia nyumbani ni visogo na mikono ya watu yenye simu, na hata mwenyewe sikuwa nimeangalia vizuri kwa sababu nilikuwa nahangaika na kioo.

## Kulala nje, chakula na choo

Lazima nilale barabarani?

Sio lazima ila mstari wa mbele London hupewi bila kulala. 2011 nililala usiku mmoja na shoga yangu pale The Mall, kuna watu walishakaa siku mbili tatu na mahema yao. Baridi ya Aprili usiku inaingia toka chini, sio toka juu, kwa hiyo mkeka au godoro la kukunja ni muhimu kuliko blanketi la pili. Zawadi ya kulala nje ni kwamba mabwana harusi wanapenda kutoka jioni ya mkesha kusalimia watu, William alitoka The Mall 2011 akiwa na Harry, na 2018 wakafanya hivyohivyo Windsor. Mara nyingine masharti ya mahema yanabadilika, sikiliza polisi wa siku hiyo.

Windsor sikulala nje kwa sababu nilikuwa na mtu mzima, mamdogo wangu alikuwa amekuja kutembea toka Lushoto, kwenye milima ya Usambara.

Nibebe nini?

Begi dogo. Windsor waliweka mageti ya kukagua kama uwanja wa ndege, ukija na sanduku utakaa foleni wenzako wanaingia. Koti la mvua la plastiki na sio mwavuli mkubwa, maana mwavuli unawaziba wa nyuma na watakusema. Pawabenki. Dawa zako. Kofia, kwa sababu ile siku ya 2018 jua lilichoma toka asubuhi hatukutegemea. Kiti kidogo cha kukunja kama una mzee. Majiko ya gesi, fataki, droni, vyote acha nyumbani.

Chakula kinapatikana?

Kinapatikana na bei yake ndo hiyo ya siku ya harusi. Mimi 2011 nilibeba sambusa, chapati na chupa ya chai ya tangawizi, na ile chupa ndo iliyotupatia marafiki, saa 10 alfajiri mtu wa Wales ananusa tangawizi anageuka, unammiminia, ukiamka kwenda chooni yeye anakulindia nafasi.

Na choo?

Vipo vya kuhamishika, vingi, ila foleni. Nenda alfajiri kabla watu hawajaja na uende tena masaa mawili kabla ya msafara, halafu usinywe maji mengi. Usiende kamwe peke yako bila kuacha mtu kwenye nafasi, hakuna sheria ya kulindiwa nafasi, kuna utu tu.

## Adabu za umati

Vigelegele vinaruhusiwa?

Hili swali napenda! Vinaruhusiwa, hakuna aliyevikataza. Wao wanapiga kelele za hurei na kupeperusha vibendera, lakini harusi ni harusi. Gari lilipogeuka ile kona mamdogo wangu, mwanamke mwenye zaidi ya miaka 60, mkavu wa koo kwa sababu nitakazosema chini, alipiga kigelegele kimoja kirefu mpaka watu wa mbele wakageuka kumwangalia yeye badala ya farasi. Sitasema maharusi walisikia, kelele zilikuwa nyingi mno. Ila baada ya hapo wasichana wawili walikuja kumwomba awafundishe, akawafundisha, ulimi huku ulimi kule, wakashindwa wakacheka.

Nivae nini?

Kiatu cha kutembea kwanza, mengine baadae. Kofia za manyoya ni za waalikwa, barabarani watu wanavaa jinzi, bendera mgongoni, wengine gauni la harusi kabisa. Mimi 2018 nilijifunga kisutu juu ya suruali. Waliniuliza hiki kitambaa nini, nikawaambia kwetu pwani hiki ndo cha bibi harusi, nyekundu, nyeusi na nyeupe, mama mmoja akashika pindo akalisugua kwa vidole akaniambia ni pamba nzuri. Njoo na bendera yako pia, ya Tanzania, ya Congo, yoyote, hakuna tatizo.

Naweza kurusha maua au mchele?

Usirushe kitu chochote. Farasi wanashtuka, 2011 farasi mmoja wa msafara alimwangusha askari wake akakimbia peke yake barabarani, na huyo hakurushiwa hata kitu. Na polisi hawajui mkononi una waridi au una nini.

Tunapeleka zawadi?

Hapana. 2018 Harry na Meghan wenyewe waliomba anayetaka kutoa achangie mashirika ya hisani waliyoyataja.

## Funga na swala

Ikiangukia Ramadhani?

2018 iliangukia. Ramadhani ilikuwa imeanza siku mbili tu kabla, na Mei huku Uingereza siku ni ndefu sana, magharibi ilikuwa karibu saa 3 usiku. Mamdogo alifunga. Nilimwambia tuangalie kwenye tivii nyumbani akanijibu, "Mwanangu, nimetoka Lushoto mpaka hapa nije kuangalia tivii?" Tulikula daku saa 8 usiku, uji, tende na mayai, akapumzika kidogo tukaondoka.

Kuna bibi wa Kiingereza alikuwa pembeni yetu, saa 4 hivi akamtolea mamdogo mkate wa tango. Mamdogo akamshukuru akaweka mkono kifuani, mimi nikaeleza kwamba amefunga. Yule bibi akarudisha mkate wake kwenye boksi, akafungua kimwavuli chake kidogo cha jua akakielekeza upande wa mamdogo, na akakaa hivyo mpaka kengele zilipolia saa 6 mchana harusi ilipoanza. Mkono ukichoka anabadilisha. Hakusema neno.

Ukifunga basi kaa upande wa kivuli, leta kiti, usisimame muda wote, na kama afya haikuruhusu dini yenyewe imekupa ruhusa. Kuna vijana wa huduma ya kwanza wa St John Ambulance kila kipande, ukisikia kizunguzungu wainulie mkono.

Nikitaka kuswali?

Pembeni, sio kwenye fensi. Msafara wa 2018 ulianza saa 7 mchana hasa, adhuhuri ilikuwa inaingia muda huohuo, tuliswali baada ya kupita, kwenye nyasi, nilitandika kanga ya pili.

## Swali ambalo wengi wananitumia inbox

Hawa si ndo walitutawala? Mwafrika anashangilia nini?

Najibu bila kukwepa. Ndiyo walitutawala, Tanganyika mpaka 1961, Kenya mpaka 1963, na yaliyofanyika Kenya miaka ya 50 kwenye makambi wapo wazee waliyoyabeba mwilini mpaka kaburini. Mtu akiniambia hawezi kusimama pale namwelewa kabisa na sitambembeleza.

Mimi nasimama kwa sababu nyingine. Nimelelewa kwenye harusi za mtaani ambapo humjui bwana wala bibi lakini ukisikia ngoma unatoka nje kuangalia. Kumwangalia bibi harusi hakunifanyi nisahau historia. Na 2018 kulikuwa na kitu kingine, mama yake Meghan ni mwanamke mweusi amekaa peke yake kwenye kiti chake kanisani, kwaya ya Kingdom Choir inaimba, Askofu Michael Curry, Mmarekani mweusi, anahubiri kama wanavyohubiri kwao, na sisi nje tunasikia kupitia spika, kimya. Jamaa mmoja mweusi wa London nyuma yetu alikuwa analia bila kujifuta.

Jioni tukiwa tumeshafuturu nikasoma kwamba shela la Meghan, mita 5, lilitariziwa maua ya nchi 53 za Jumuiya ya Madola, na la Tanzania ni lile ua dogo la zambarau la Usambara ambalo Wajerumani wanaliita Usambaraveilchen mpaka leo. Nikamsomea mamdogo. Akanyamaza akasema, "Hilo si linaota kwetu kwenye miamba ya mtoni? Kumbe limepita mbele yangu."

## Mikasa na mambo ya pembeni

Tukipotezana?

Mtandao wa simu unakufa, watu laki moja mji mdogo wote wanatuma video. Kabla hamjaachana kubalianeni kwa mdomo sehemu na saa. Mtoto mwandikie namba yako kwenye mkono kwa kalamu ya wino, na mfundishe kwamba akipotea amfuate polisi mwenye koti la njano.

Nimechelewa, nafika saa 4 asubuhi, nirudi?

Usirudi. London 2011 waliweka skrini kubwa Hyde Park na Trafalgar Square, Windsor zilikuwepo Long Walk na Alexandra Gardens, unaangalia ibada na watu. Halafu tumia ujanja huu, tembea mpaka mwisho wa njia ya msafara, mbali na kanisa. Watu wote wanajazana mwanzo. Kings Road na Albert Road mstari ulikuwa mwembamba kuliko High Street.

Kurudi nyumbani kukoje?

Hapa ndo watu wanaumia. Windsor ina stesheni mbili, Central unapanda treni ya dakika 6 mpaka Slough, Riverside inakwenda moja kwa moja London Waterloo, na msafara ukiisha kila mtu anakimbilia huko kwa wakati mmoja. Kaeni. Sisi tulikaa kwenye nyasi karibu na mto mpaka jioni ndo tukapanda treni tukapata viti. Siku ileile kulikuwa na fainali ya FA Wembley, Chelsea na Man United, kwa hiyo London nayo ilikuwa imejaa, angalia ratiba za mpira kabla ya kupanga safari yako.

Mbona mbali hivyo, kwetu Afrika Mashariki hakuna?

Zipo, tena nzito. Kabaka Mutebi, mfalme wa Buganda kule Uganda, alimuoa Sylvia Nagginda tarehe 27 Agosti 1999 pale Namirembe, Kampala. Kyabazinga, yaani mfalme wa Busoga, nako Uganda, alimuoa Jovia Mutesi tarehe 18 Novemba 2023 kanisa la Bugembe, Jinja. Na ndugu wa Ghuba, mrithi wa ufalme wa Jordan alioa Amman tarehe 1 Juni 2023, msafara wa magari mekundu ukapita mjini watu wamejaa kando ya njia. Mengi niliyosema juu yanafaa huko pia, hasa la kona na la simu mfukoni.

Niko kwenye kiti cha magurudumu, inafaa nije?

Inafaa. Mara nyingi wanatenga sehemu za walemavu karibu na fensi, uliza polisi au wahudumu wa njiani mapema, sio dakika ya mwisho. Pale kwenye kona yetu hapakuwa na sehemu rasmi, alikuja kijana na kiti chake kama saa 3 asubuhi, watu mstari wa kwanza wakafunguka wenyewe, wakampitisha mpaka chuma cha fensi kikagusa magoti yake.